Mita Namba Sitini na Mbili

Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, kwa miaka thelathini na tisa, Alvina Hruska aliendesha pikapu yake ya kijani kutoka mwanzo wa barabara ya Lipova hadi mwisho wake, akisimama kila penye kifuniko cha chuma kando ya uzio. Alikuwa na mwiko wa mti. Aligonga kifuniko mara mbili, akakiinua, akawafagia buibui weusi kwa ule mwiko bila kuwaua, kisha akainama kusoma mita. Namba aliziandika kwa penseli ya wino katika kitabu chenye jalada la kitambaa, na pembeni, kwenye nafasi nyembamba ambayo mchapaji aliiacha tupu, aliandika alichokiona.

Kitabu hicho ninacho mezani ninapoandika haya. "Namba 60: Kovar anavujisha, nimemwambia." "Namba 30: mjane Marek ametumia kidogo mno. Nikaingia ndani. Ana homa siku ya tatu. Nimempikia supu." Ushirika wetu wa maji haukumwajiri kutazama wagonjwa. Ulimwajiri asome mita, na mimi, nikiwa katibu, ndiye niliyekuwa nikipokea kitabu hicho kila mwezi. Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilisoma namba tu, na pembeni nikapapita kama mtu anavyopita matangazo ya gazeti.

Ushirika ulianza mwaka 1963. Wakati huo Lipova ilikuwa na familia sitini na moja, karibu zote za uzao wa Wacheki waliokuja Texas kulima pamba, na maji yetu yalikuwa ya visima vyenye ladha ya chumvi na ya matangi yaliyokinga mvua ya mapaa. Tulikubaliana katika ukumbi wa dansi, baada ya misa, kwamba tungechimba kisima kimoja kirefu na kulaza bomba maili tisa. Hatukumwomba mtu ruhusa ya kumtoza mwenzake, wala hatukumwondoa mtu kwenye shamba lake. Kila familia ilichimba mtaro mbele ya ardhi yake yenyewe. Huo ndio ulikuwa mkataba wetu, na ulitosha.

Shamba la Alvina na mumewe Emil lilikuwa la mwisho kwenye mstari, na mbele yake palikuwa na mwamba mweupe. Sisi tuliobahatika kuwa na udongo mweusi tulimaliza kwa siku nne. Wao walichimba kwa sururu majuma kumi na moja. Tulikwenda kuwasaidia siku za Jumamosi, na tulipofika tulimkuta Alvina ndani ya mtaro, sketi ameifunga magotini, akiwauliza wanaume kama wamekuja kuchimba au kuhesabu mawe. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, na mtoto wake wa pili alikuwa hajaanza kutembea.

Katika majuma hayo ulizaliwa mtindo ambao haukuandikwa popote. Bomba lilikuwa likisogea shamba kwa shamba, na nyumba iliyokwisha kuungiwa iliweka koki langoni, na ndoo chini yake, kwa ajili ya wale ambao maji hayajawafikia. Hakuna aliyebisha hodi. Ulichota ukaondoka. Akina Hruska walichota langoni kwa Kovar majuma yote kumi na moja, maji ya kunywa, ya kupikia na ya nepi za mtoto. Siku maji yalipofika kwao, jambo la kwanza alilofanya Alvina lilikuwa kufunga koki kwenye lango lake mwenyewe. Tulimcheka. Kovar alimwuliza, "Alvina, unamwekea nani? Wewe ndiye wa mwisho. Mbele yako kuna ng'ombe tu."

"Basi watakunywa ng'ombe," akajibu, akaikaza koki kwa spana.

Emil alifariki mwaka 1979. Wana wao wawili walikwenda Houston kwenye mitambo ya mafuta, wakawa wanakuja wakati wa Pasaka. Alvina akabaki na ng'ombe saba na shamba la chini, ekari kumi na moja kando ya kijito, ambako Emil alikuwa amepandikiza miti mitatu ya kokwa za pekani. Kutoka dirisha la jikoni aliweza kuliona shamba lote. Aliniambia mara moja, akitengeneza kolache, vimkate vitamu vya Kicheki, kwamba hakuhitaji tena kitu kingine chochote duniani, isipokuwa kufa shamba lile likiwa bado zima. Alilisema bila huzuni, kama mtu anayetaja kitu alichokisahau dukani, akaendelea kutia jemu ya aprikoti katikati ya kila kimkate.

Mwaka 1998 ranchi ya zamani ya Brandl, iliyopakana naye, iliuzwa kwa kampuni ya kujenga na kuuza nyumba. Ilikuwa na ekari mia sita na arobaini, na juu yake hakuishi binadamu hata mmoja. Miezi michache baadaye tukasikia kwamba jimbo limepitisha sheria ya kuunda mamlaka ya maji na majitaka juu ya ranchi hiyo. Nilisafiri kwenda kuisoma. Ilikuwa na kurasa kumi na tisa, kumi na tano zikieleza mipaka, kutoka jiwe hadi jiwe na kutoka mti hadi mti. Nne zilizobaki ziliipa mamlaka hiyo uwezo wa kukopa, uwezo wa kutoza kodi ya ardhi milele, na uwezo wa kutwaa ardhi ya mtu yeyote, ndani ya mipaka yake au nje, kwa matumizi ya umma.

Nimesoma hadi kidato cha mwisho cha shule ya Lipova, sikwenda zaidi. Lakini huhitaji chuo kikuu kutambua jambo hili. Mipaka ilizunguka kila nyumba ya Lipova kwa uangalifu, kama mtu anayekata ukoko akiuacha pembeni mwa sahani. Sisi tulikuwa nje, kwa hiyo hatukuwa wapiga kura. Lakini ardhi yetu ilikuwa karibu, kwa hiyo iliweza kutwaliwa.

Mjumbe wa kampuni alikuja ukumbini, mtu mpole mwenye buti zinazong'aa, akatundika ramani ukutani. Alvina aliinuka, akaisogelea hadi pua yake ikakaribia kugusa karatasi.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Mama, wewe uko nje. Hutatozwa kodi hata senti moja."

"Na hili doa la buluu kwenye shamba langu la chini?"

"Hilo ni bwawa la kusafishia majitaka. Ni la matumizi ya umma."

"Umma upi, baba? Hapo kwako hakuna hata paka."

Watu walicheka, na mjumbe naye akacheka kwa adabu. Alieleza kwamba sheria inataka uchaguzi wa kuithibitisha mamlaka, na kwamba uchaguzi ungefanyika mwezi Mei, na wakazi ndio wangeamua. Kovar, aliyekuwa akicheza dhumna na sisi tangu ujana, akauliza wakazi gani. Mjumbe akakunja ramani yake.

Wakazi waliletwa mwezi Januari juu ya lori. Walikuwa wawili, Kyle Pruett na mkewe Brandi, vijana wasio na kazi ya kudumu, na kampuni iliwapa nyumba ya magurudumu wakae bure hadi uchaguzi upite. Iliwekwa kwenye kona ya ranchi, hatua chache kutoka uzio wa Alvina. Kampuni iliomba ushirika wetu uweke mita barabarani kwa ajili yao, nasi tukaiweka kwa kuwa kanuni zetu hazikuturuhusu kumnyima mtu maji. Ikawa namba 62, mita ya mwisho tuliyowahi kuifunga.

Huu si utundu wa kampuni moja. Ni njia inayojulikana na mawakili wote wa kazi hiyo. Unatafuta ardhi tupu, unapandikiza watu wawili au watatu, unawapigisha kura, halafu unawahamisha. Mei 1999 Kyle na Brandi walikwenda kwenye sanduku lililowekwa chini ya turubai. Waliithibitisha mamlaka, wakawachagua wakurugenzi watano, wakaidhinisha mkopo wa mamilioni ambao wao wenyewe wasingelipa hata senti, wakaidhinisha na kodi. Kura mbili kati ya mbili. Kovar alisema hata meza yetu ya dhumna inahitaji watu wanne.

Juma lililofuata ile nyumba ya magurudumu iliondolewa, na akina Pruett wakaenda Oklahoma bila kuacha anwani. Baada ya siku kumi Alvina akapokea barua ya mamlaka ya kuzitwaa ekari zake kumi na moja.

Nilikasirika hasira ambayo haijapoa mpaka leo. Tulichanga, tukamwajiri Renata Sulak, wakili kijana kutoka makao ya kaunti ambaye babu yake aliwahi kupiga kodiani katika ukumbi wetu. Alitueleza kwamba mlango ulikuwa mmoja tu. Sheria inadai mpiga kura awe mkazi wa kweli. Tukithibitisha kwamba wale wawili hawakuwa wakiishi pale, uchaguzi unabatilika. Bila uchaguzi hakuna mamlaka, na bila mamlaka hakuna wa kulitwaa shamba.

"Kuna chochote kinachoonyesha kwamba hawakuishi pale?" akauliza.

Nikakumbuka kitabu. Nilikimbilia kabatini kwangu, nikapata ukurasa. Namba 62, Januari: sifuri. Februari: sifuri. Machi, Aprili, Mei: sifuri. Hakuna binadamu awezaye kuishi miezi mitano Texas bila tone la maji. Nilikuwa nimeshika uthibitisho mkononi, na nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ndipo macho yangu yakaenda pembeni. Kwa mwandiko wake mdogo Alvina alikuwa ameandika: "Hawajaungiwa bomba. Wanachota kwangu."

Kampuni ilikuwa imelipia mita, lakini haikulaza bomba la hatua themanini kutoka mita hadi nyumba. Waliokuja kupigia kura mamlaka ya maji walikuwa wameachwa bila maji, kwa kuwa hakuna aliyewafikiria kama watu wanaokunywa. Nao walikuwa wakichota kwenye koki ya langoni, ile tuliyoicheka mwaka 1963.

Sasa niseme nilichokifanya, maana nimetumia maisha yangu kuwadai wengine ukweli. Nilikata kipande cha karatasi nyeupe, nikakibandika kwa selotepu juu ya maneno yale, nikatoa nakala, nikampa Renata. Hakuniuliza kitu. Sikumwambia kitu. Nilijiambia kwamba uongo ulianza kwao, na kwamba shamba la mjane lina uzito zaidi kuliko mstari mmoja wa penseli.

Asubuhi ya kesi nilimchukua Alvina kwa gari langu. Alikuwa amevaa gauni la buluu la kanisani, na mkoba wake ulinukia mikate. Mahakama ilitaka kitabu chenyewe, si nakala tu, hivyo nikampa akishike. Alikifungua mapajani, akakitazama ukurasa kwa muda, akakifunga. Nikamwambia kwamba kazi yake ni kusoma namba tu.

"Nitasoma kilichoandikwa, Metod," akasema, akageuka kutazama mashamba.

Renata alimwongoza vizuri. Alvina alisoma sifuri tano kwa sauti, moja baada ya nyingine, na baada ya ile ya tano nilisikia watu wa Lipova nyuma yangu wakivuta pumzi. Wakili wa mamlaka alikuwa na leseni za udereva za wale wawili zenye anwani ya ranchi, na zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Akina Pruett hakuwapata. Alimwuliza Alvina kama ana hakika na namba zake, naye akajibu kwamba amezisoma tangu yeye wakili alipokuwa kwenye nepi. Hata hakimu alitabasamu. Wakili akakaa.

Hakimu, kwa desturi tu, akamwuliza kama ana neno la kuongeza.

Alvina aliinamia kitabu. Akaingiza ukucha chini ya selotepu, akaivuta polepole. Nilisikia karatasi ikichanika.

"Kuna maneno hapa pembeni yamefunikwa," akasema. "Ni yangu. Yanasema hawajaungiwa bomba, wanachota kwangu. Walikuwa wanaishi pale, mheshimiwa. Yule binti alikuwa anakuja na madumu mawili asubuhi, mawili jioni. Mwezi wa tatu alikuwa anatapikatapika, mimba changa, nikamwekea mpira wa maji kupitia uzio asibebe. Walikuwa wanaishi. Vibaya, lakini walikuwa wanaishi."

Renata aligeuka akanitazama. Hakimu alimwuliza Alvina, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, kama anaelewa kwamba maneno hayo yanaweza kumpotezea shamba.

"Naelewa, mheshimiwa. Lakini koki ni yangu, na niliyemchotesha namjua."

Tulishindwa kabla ya chakula cha mchana.

Tulianza safari ya kurudi. Baada ya maili ishirini Alvina alitoa kolache mbili mkobani, akaniwekea moja juu ya dashibodi.

"Ile karatasi umeikata vizuri," akasema. "Imenyooka. Lakini selotepu imetoka na wino wangu."

"Nisamehe, dada Alvina."

"Kula kwanza."

Nilipomaliza nilimwuliza kwa nini, na nilimwuliza kwa ukali, kwa kuwa aibu yangu ilikuwa inatafuta pa kutokea. Watu wale walipewa nyumba ya bure ili wamnyang'anye. Alijibu tulipokwisha kuvuka daraja la kijito.

"Ningesema hawakuwapo, Metod, basi yule msichana angekuwa nani? Mimi nimemwona. Ana kovu hapa kwenye kidevu. Ningemfuta hivihivi?" Akapangusa makombo kwenye gauni. "Wale wa kampuni tayari walimfanya kama hayupo. Hata bomba hawakumwekea."

Mwezi Septemba walikuja wapima ardhi na vigingi vyenye vitambaa vya rangi ya chungwa. Nilikwenda nikasimama langoni, nikiwa nimeandaa maneno. Nilimkuta Alvina amekwisha kuwafungulia koki, na wao wameinama wakinywa, kofia zimewekwa juu ya uzio.

"Hao ndio wanaolichukua shamba lako," nikamwambia kwa Kicheki, wasisikie.

"Nawajua. Lakini tazama jua lilivyo."

Miti miwili ya pekani ilikatwa. Wa tatu ulibaki, kwa kuwa mmoja wa wale wapima, baada ya kunywa, alirudi kupima upya na kigingi chake kikaangukia upande wa pili wa shina. Sijui kama kiliangukia pale kwa bahati. Tangu siku hiyo Alvina alisogeza kiti chake jikoni kidogo kushoto, ili kutoka dirishani auone mti na asilione bwawa.

Mwaka 2003 mamlaka iliumeza na ushirika wetu. Mita zikabadilishwa, zikawekwa za kusomwa kwa redio na gari linalopita bila kusimama. Hakuna anayegonga kifuniko. Mjane mwenye homa, kama yupo siku hizi, atatumia maji kidogo, na namba itaingia kwenye mashine, basi. Kila nikifikiri juu ya hilo narudi kwenye ule mtaro mweupe, na sururu, na mwanamke aliyefunga sketi magotini akiuliza kama tumekuja kuhesabu mawe. Tulikuwa maskini, na bomba letu lilivuja. Lakini kila aliyekunywa alijulikana kwa jina.

Alvina alifariki mwaka 2006, nyumbani. Wanawe waliniletea kile kitabu, alichokaa nacho tangu mita za redio zije.

Leo ranchi ya Brandl ina nyumba elfu mbili. Watu wake ni wema, wanafanya kazi, na wanalipa kodi kwa ajili ya mkopo ulioidhinishwa na mume na mke ambao hawajawahi kuwaona. Mimi bado niko nje ya mipaka. Wakurugenzi wanakutana Jumanne ya pili ya kila mwezi, na mtu asiye mpiga kura huruhusiwa kusema dakika tatu. Naenda kila mwezi. Nasema jambo lilelile: mwenye uwezo wa kutwaa ardhi ya watu achaguliwe na watu ambao ardhi yao inaweza kutwaliwa. Wananisikiliza kwa heshima inayopewa mzee, halafu wanaendelea na ajenda.

Mwezi uliopita kulikuwa na mwenyekiti mpya, mama kijana kutoka miongoni mwa wakurugenzi, anayeishi takriban pale ilipokuwa ile nyumba ya magurudumu. Aliona nimeweka kitabu mezani, kimefunguliwa, kama niwekavyo siku zote.

"Mzee Metod, samahani. Hicho kitabu unakileta kila mara, na hujawahi kukisoma. Ni cha nini?"

Nilikuwa na sekunde arobaini zilizobaki. Nilivaa miwani. Pembeni mwa ukurasa pana mchubuko mweupe mahali selotepu ilipotoka na wino, lakini herufi bado zinaonekana ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Nikaiinamisha, nikamsomea.

"Namba sitini na mbili. Sifuri. Hawajaungiwa bomba. Wanachota kwangu."